Stenti ya njia ya hewa: kwa nini usalama wa kuitoa huanza siku ya kuiweka

Msomaji wa Kiswahili anapolisikia neno stenti, mara nyingi mawazo yake huenda moja kwa moja kwenye moyo. Hospitali kadhaa za Afrika Mashariki, ikiwamo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, huzibua mishipa ya moyo kwa kuweka ndani yake kijibomba cha waya, na kijibomba hicho hubaki humo maisha yote ya mgonjwa. Hakuna anayepanga kukitoa, na ukuta wa mshipa hukifunika taratibu mpaka kinakuwa sehemu yake. Stenti inayowekwa kwenye njia ya hewa, yaani kwenye trakea (bomba kuu la hewa linaloshuka kutoka kooni) au kwenye bronki kubwa zinazoingia mapafuni, ina undugu na ile ya moyo kwa jina na kwa umbo, lakini tabia yake ni nyingine kabisa. Jambo linalotakiwa kwenye moyo, yaani mwili kuukumbatia waya na kuufunika, ndilo linaloogopwa kwenye njia ya hewa, kwa sababu stenti nyingi za huko, hasa kwa wagonjwa wasio na saratani, huwekwa kwa muda tu, na nyama iliyokwisha kuumeza waya haiuachii bila kuchanika na kutoka damu.

Ndiyo maana swali la namna ya kuitoa stenti hiyo kwa usalama halijibiwi kwa kueleza koleo na mikono ya daktari peke yake. Sehemu kubwa ya hatari huwa imekwisha kuamuliwa wiki au miezi mingi nyuma, wakati aina ya stenti ilipochaguliwa, ukubwa wake ulipopimwa, na tarehe ya kuitoa ilipoandikwa au iliposahauliwa. Siku ya kuitoa huvunwa kilichopandwa siku ya kuiweka.

Trakea ya mtu mzima ina urefu wa sentimita 10 hadi 12 hivi, na imejengwa kwa pete za gegedu 16 hadi 20 zenye umbo la herufi C, ambazo uwazi wake umeelekea nyuma, upande wa umio. Sehemu hiyo ya nyuma haina gegedu. Ni utando laini wenye misuli, na ndiyo inayochanika kwa urahisi kuliko sehemu nyingine zote. Kwa mbele hukatiza ateri kubwa inayopeleka damu kwenye mkono wa kulia na upande wa kulia wa kichwa. Ndani kote kuna utando wenye vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo usiku na mchana husukuma ute na vumbi kuelekea juu ili mtu aumeze au aukohoe. Vilevile kuna hesabu moja ya fizikia ambayo haina huruma: hewa inapopita kwa utulivu ndani ya bomba, nusu kipenyo cha bomba kikipungua kwa nusu, ukinzani hupanda mara 16. Kwa hiyo mtu mwenye trakea iliyobanwa anaweza kukaa kitini akaonekana mzima, kisha akapanda ngazi za ghorofa moja tu akabaki akihema kwa mluzi. Na mbano ukiongezeka kidogo tu kutoka hapo, hata kuketi huwa kazi.

Mbano huo huletwa na mambo mengi. Mgonjwa aliyelazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi akiwa na mpira wa kupumulia kooni anaweza kupata kovu pale puto la mpira huo lilipokuwa likigandamiza ukuta wa trakea: puto likijazwa hewa kupita kiasi hunyima utando damu, utando hufa, na kovu huja kujikaza wiki kadhaa baadaye, mgonjwa akiwa amekwisha rudi nyumbani na watu wa nyumbani wakidhani amepata pumu. Kifua kikuu kikiingia kwenye ukuta wa bronki huweza kuacha kovu la namna hiyo hiyo, hata baada ya dawa kumaliza vijidudu. Uvimbe wa saratani huota ndani ya njia au huisukuma kutoka nje. Kwa watu wengine gegedu na utando wa nyuma hulegea, na njia hujikunja karibu kufunga kila wanapotoa pumzi kwa nguvu au kukohoa. Waliopandikizwa mapafu nao hupata mbano pale bronki ya pafu jipya ilipoungwa na ile ya zamani.

Si kila mbano unaohitaji stenti, na hapa ndipo kosa la kwanza hutokea. Kovu fupi la trakea kwa mtu mwenye afya ya kutosha hutibiwa kwa ukamilifu zaidi kwa upasuaji wa kukata kipande kilichoharibika na kuunga ncha mbili zilizobaki. Mengine hupanuliwa kwa puto au kukatwa kwa leza bila kuacha kitu chochote ndani. Stenti ya muda ina mahali pake penye maana. Huwekwa kushikilia njia wazi wakati kovu linapopona likiwa limepanuka, au wakati dawa za saratani zinapoyeyusha uvimbe ambao daktari anajua utaitikia dawa, kama vile saratani ya tezi za limfu. Kwa mtu mwenye njia iliyolegea, huwekwa kama jaribio: akipumua vizuri zaidi na kutembea mbali zaidi akiwa na stenti, basi upasuaji wa kuimarisha ukuta wa nyuma huenda ukamfaa, asipoona tofauti yoyote, ameepushwa na upasuaji mkubwa wa kifua ambao usingemsaidia. Katika matumizi yote hayo stenti ni mgeni, na Waswahili wana lao kuhusu mgeni wa siku ya tatu. Tatizo ni kwamba mgeni huyu akikaa mno hapokei jembe, hujenga.

Jina lenyewe linatokana na Charles Stent, daktari wa meno wa Uingereza wa karne ya 19, aliyeboresha mchanganyiko wa kuchukulia umbo la meno. Neno lilihama kutoka kinywani hadi kwa wapasuaji, na baadaye likashika maana ya kitu chochote kinachoshikilia njia ya mwili isifunge. Kwenye njia ya hewa, William Montgomery wa Boston alileta mwaka 1965 bomba la silikoni lenye umbo la herufi T, ambalo mkono wake mmoja hutokeza kwenye tundu la shingoni. Mwaka 1990 Mfaransa Jean-François Dumon wa Marseille alichapisha taarifa ya stenti ya silikoni inayokaa ndani yote, yenye vinundu kwa nje vya kuizuia isiteleze. Baadaye zikaja stenti za chuma zinazojifungua zenyewe, nyingi zikiwa za nitinoli, aloi ya nikeli na titani ambayo hulikumbuka umbo lake: hubanwa ndani ya mrija mwembamba, hupelekwa mahali pake, na ikiachiliwa hutanuka mpaka ikabane ukuta.

Tofauti kati ya silikoni na chuma ndiyo inayobeba karibu suala zima la kutoa. Silikoni ni bomba zima lisilo na matundu, hivyo nyama haina pa kupenyeza; hata ikikaa miezi mingi, kwa kawaida inashikika ukingoni, inakunjika na inatoka. Ubaya wake ni kwamba huhitaji bronkoskopu ngumu (bomba la chuma linalopitishwa kinywani hadi ndani ya njia ya hewa) na usingizi mzito ili kuiweka, huhama kwa urahisi zaidi, na ukuta wake mnene hupunguza nafasi ya hewa. Chuma kisichofunikwa huwekwa kwa urahisi, hata na daktari asiye na vifaa vizito, na ute hupata njia ya kupita kati ya nyaya. Lakini nyama nayo hupata njia hiyo hiyo. Kati ya hizo mbili zipo stenti za chuma zilizofunikwa kwa silikoni au plastiki laini. Zilizofunikwa mwili wote hutoka vizuri zikitolewa mapema, ila zile zilizofunikwa katikati tu na kuachwa wazi kwenye ncha hunasa kwenye ncha hizo hizo.

Urahisi wa kuiweka ile ya chuma ndio uliowaponza wengi. Mwezi Julai 2005 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kwa madaktari kuhusu stenti za chuma kwa wagonjwa ambao mbano wao haukutokana na saratani. Ilisema zitumike kwa wagonjwa hao baada tu ya kuzitafakari njia nyingine zote, zikiwamo upasuaji na stenti za silikoni, na kwamba zisitumike kama daraja la kungojea tiba nyingine, kwa kuwa kuzitoa kunaweza kuleta madhara makubwa. Mwaka huo huo madaktari wa Marekani walichapisha uzoefu wao wa kutoa stenti 30 za chuma kutoka kwa wagonjwa 25. Vipande vya stenti vilibaki ndani mara 7, utando ulichanika na kutoka damu mara 4, njia iliziba tena hadi ikahitaji stenti ya muda ya silikoni mara 14, wagonjwa 6 walihitaji mashine ya kupumulia baada ya kazi hiyo, na mmoja alivujiwa na hewa kifuani ikalibana pafu. Idadi ya wagonjwa ni ndogo, lakini picha inayotokea ni wazi: karibu nusu ya stenti zilizotolewa ziliacha nyuma njia ambayo haikuweza kusimama peke yake.

Kinachotokea kati ya siku ya kuweka na siku ya kutoa ni rahisi kukieleza. Kila pumzi na kila kikohozi husugua ncha za stenti dhidi ya ukuta unaosogea. Mwili hujibu msuguano huo kama unavyojibu kidonda chochote, kwa kuotesha nyama changa nyekundu inayotoka damu kwa kuguswa. Nyama hiyo huchomoza juu na chini ya stenti na, kama waya haukufunikwa, hupenya matundu na kuuzingira. Katika siku za mwanzo waya huwa umelala tu juu ya utando, lakini kadiri wiki zinavyopita utando mpya huufunika, na baada ya miezi waya huwa ndani ya ukuta wenyewe kama nondo ndani ya zege. Wakati huo huo ute hukwama, kwa sababu pale palipofunikwa na stenti vinyweleo haviwezi tena kuusukuma. Vijidudu hujijengea tabaka juu ya plastiki au waya, na mgonjwa huanza kunuka pumzi na kutoa makohozi mazito. Waya unaokunjwa maelfu ya mara kwa siku huweza pia kuchoka na kukatika. Jambo linalosahauliwa mara nyingi zaidi ni kwamba stenti huweza kuharibu sehemu iliyokuwa nzima. Kovu lililokuwa fupi, ambalo mpasuaji angelikata bila taabu, huweza kurefuka juu na chini kwa sababu ya ncha za stenti, mpaka upasuaji ukawa mgumu au usiwezekane kabisa.

Kwa hiyo muda wa kukaa kwa stenti hutegemea kazi iliyoiweka. Ile ya kujaribu njia iliyolegea hutolewa baada ya wiki 1 hadi 2, kwa sababu jibu hupatikana ndani ya siku hizo na nyama haijapata nafasi ya kuota. Hata stenti isiyofunikwa imetumiwa kwa namna hiyo kwenye vituo vyenye uzoefu, kwa sharti kwamba tarehe ya kuitoa haichezewi. Ile ya silikoni iliyowekwa kwa ajili ya kovu mara nyingi huachwa miezi 6 hadi 18, kwa kuwa kovu linahitaji muda mrefu kutulia. Ikitolewa mapema mno mbano hurudi. Ile ya uvimbe unaotibiwa kwa dawa hutolewa picha zinapoonyesha kwamba uvimbe umenywea, na hapa kungoja kuna hatari yake: uvimbe ukinywea, stenti hupoteza kilichokuwa kikiibana na huanza kutembea. Mbali na ratiba, stenti hutolewa kwa dharura ikihama, ikivunjika au ikiziba.

Maandalizi mazuri huanza na karatasi. Daktari anayeitoa anahitaji kujua aina ya stenti, upana na urefu wake, kama imefunikwa, kama ina uzi wa kuivutia, ilikaa muda gani, na ilipita wapi. Asiyejua kwamba ndani kuna stenti mbili, moja ndani ya nyingine, anaweza kuvuta ya ndani akadhani kazi imekwisha. Picha ya CT huonyesha ncha zilipo, nyaya zilizokatika, na umbali kati ya waya na mishipa mikubwa ya damu. Bronkoskopu laini inayopitishwa puani au kinywani huonyesha nyama ilivyoota na kama njia iliyo chini ya stenti bado iko wazi. Dawa zinazozuia damu kuganda husimamishwa kwa mpango, na hapo lazima mtu aulize kuhusu ile stenti ya kwanza ya makala haya: mgonjwa mwenye stenti mpya ya moyo hawezi kuachishwa dawa hizo kiholela, hivyo daktari wa moyo hushirikishwa. Chumba lazima kiwe na stenti ya akiba ya silikoni, vifaa vya kuzuia damu, na kitanda katika chumba cha wagonjwa mahututi kilichokwisha kuahidiwa. Mahali ambapo kitanda hicho hakipo, kama stenti haijaleta dharura, busara ni kumpa mgonjwa rufaa.

Sehemu ngumu kuliko zote ni usingizi, na huzungumzwa kidogo mno. Katika upasuaji mwingi daktari wa usingizi ana njia ya hewa yake peke yake na mpasuaji ana tumbo au mguu wake; hapa wote wawili wanaitaka njia moja kwa wakati mmoja. Bronkoskopu ngumu ni bomba la chuma lililo wazi upande wa juu, na hewa huingizwa kupitia tundu la pembeni au kwa mfumo unaorusha oksijeni kwa kasi katika mapigo mafupi. Kwa kuwa bomba liko wazi, dawa za usingizi za kuvuta zingevujia chumbani, hivyo mgonjwa hulazwa kwa dawa za mshipani kama propofoli. Oksijeni inayorushwa kwa kasi ikikuta njia ya kutokea imezibwa hujikusanya kifuani na huweza kulipasua pafu; kwa hiyo macho hayabanduki kifuani, kuona kwamba kila kilichoinuka kimeshuka. Na leza au umeme vikitumika kukata nyama, kiwango cha oksijeni hushushwa chini ya asilimia 40 kwanza, kwa sababu moto ndani ya trakea yenye silikoni na oksijeni nyingi ni ajali ya sekunde chache isiyo na marekebisho.

Bronkoskopu hiyo ngumu ni chombo cha zamani. Gustav Killian alitoa kwa njia ya namna hiyo mfupa wa nyama ya nguruwe uliomkwama mkulima mmoja wa Ujerumani mwaka 1897, na katika hospitali za rufaa za Afrika Mashariki wazazi wengi waliowahi kuisikia waliisikia kwa sababu ya karanga au punje ya mahindi iliyovutwa na mtoto. Bronkoskopu laini aliyoileta Shigeto Ikeda wa Japani katika miaka ya 1960 ni ya starehe zaidi na huenda mbali zaidi, na stenti iliyofunikwa, iliyokaa muda mfupi na isiyonasa, imewahi kutolewa kwa hiyo. Hata hivyo maoni yangu ni kwamba ile ngumu ndiyo inayopaswa kuwa chaguo la kwanza, kwa sababu moja inayotosha: damu ikitoka, bomba gumu huendelea kupitisha hewa, hupitisha mrija mnene wa kufyonza, na ubavu wake huweza kukandamizwa juu ya jeraha. Bomba laini haliwezi lolote kati ya hayo kwa kiasi kinachookoa maisha.

Stenti ya silikoni ndiyo inayotoka kwa utulivu. Koleo hushika ukingo wake wa juu, daktari huuzungusha ili vinundu viachie ukuta na bomba likunjike, kisha huivuta. Stenti yenye upana wa milimita 16 haiwezi kuingia yote ndani ya bronkoskopu iliyo nyembamba kuliko yenyewe, kwa hiyo mara nyingi hukokotwa ikiwa imeng'ang'ania mdomo wa bronkoskopu na vyote viwili hutoka pamoja kupitia nyuzi za sauti. Sekunde hizo ndizo zenye hatari kubwa, kwa kuwa mgonjwa aliyelala hana njia yoyote ya hewa iliyoshikiliwa, na stenti iliyokunjwa ikikwama kwenye koromeo huwa kizibo. Timu yenye uzoefu humjaza mgonjwa oksijeni kabla, husema kwa sauti kwamba sasa inatolewa, na bronkoskopu hurudishwa ndani mara moja, kabla ya mtu yeyote kuinama kuitazama stenti.

Ya chuma iliyofunikwa mara nyingi huwa na uzi uliozungushwa kwenye mdomo wake wa juu. Uzi ukivutwa, mdomo hujikaza kama mfuko wa kamba, ukingo hubanduka ukutani, na stenti hufuata. Pasipo uzi, koleo hukusanya nyaya kadhaa kwa pamoja, kisha mkono huzungusha kama mtu anayesokota kamba. Kusokota huku ndiko kiini cha ufundi wote: stenti inayozungushwa hupungua upana na kubanduka kuzunguka ukuta kidogo kidogo, ilhali inayovutwa moja kwa moja hutanuka hapa na kunasa pale, na nguvu yote ikaishia kwenye utando dhaifu wa nyuma.

Iliyomezwa na nyama haitolewi hivyo. Kwanza nyama iliyochomoza hupunguzwa kwa leza, kwa umeme au kwa kugandishwa, ili nyaya zionekane. Kisha mdomo wa bronkoskopu ngumu, uliokatwa kwa mshazari kama kalamu ya mwanzi, hupenyezwa kati ya waya na ukuta na kuubandua pole pole kuizunguka njia, kabla ya koleo kushika chochote. Puto likipulizwa ndani ya stenti huweza kulegeza sehemu iliyong'ang'ania. Wakati mwingine stenti ya silikoni huwekwa kwanza ndani ya ile ya chuma. Mgandamizo wake huikausha nyama iliyopenya matundu, na baada ya muda zote mbili hutolewa kwa urahisi zaidi. Na pale ambapo hata hayo hayatoshi, stenti hukatwa na kutolewa waya mmoja mmoja, pengine kwa vikao zaidi ya kimoja. Daktari anayesimamisha kazi njiani na kupanga kikao cha pili hajashindwa. Kipande cha waya kilichozikwa ukutani kabisa na kisichozuia hewa huweza kuachwa hapo kikachunguzwa, kuliko kung'olewa pamoja na ukuta.

Damu ikitoka, hatari ya kwanza ni kuzama, kwa kuwa njia nzima ya hewa ya mtu mzima hujaa kwa kiasi cha damu ambacho mahali pengine mwilini kisingemshtua mtu. Mgonjwa hulazwa upande unaotoka damu ukiwa chini ili pafu zima libaki kavu. Maji ya chumvi baridi na adrenalini humwagwa mahali penye jeraha, bomba gumu au puto hukandamizwa juu yake, na ikibidi bronki ya upande huo huzibwa kabisa. Mpasuko wa utando wa nyuma hujulikana kwa hewa inayotambaa chini ya ngozi ya shingo na kuifanya ivimbe na kutoa mchakacho ikibonyezwa. Mdogo hufuatiliwa tu. Mkubwa huhitaji mpasuaji wa kifua, ambaye kwa hiyo anapaswa kujua mapema kwamba kazi hiyo inafanyika.

Stenti ikishatoka, njia hukaguliwa kutoka juu hadi chini, na nyaya za stenti iliyotolewa huchunguzwa kuona kama ziko kamili. Mgonjwa hupigwa picha ya kifua na huangaliwa kwa saa kadhaa, na aliyekuwa na stenti iliyonasa hulala chini ya uangalizi wa karibu, kwa sababu utando uliosuguliwa huvimba baadaye. Mluzi wakati wa kuvuta pumzi ndiyo dalili ya kwanza. Hutulizwa kwa adrenalini ya kuvuta kwa nebulaiza (mashine inayogeuza dawa kuwa ukungu wa kuvuta) na kwa dawa za steroidi. Baada ya wiki chache bronkoskopia hurudiwa hata kama mgonjwa hajisikii vibaya, kwa kuwa kovu hurudi kimya kimya, na ile hesabu ya mara 16 haipigi hodi.

Kwa upande wa mgonjwa, jambo kubwa ni kadi. Kadi ndogo inayotaja aina ya stenti, ukubwa, mahali ilipo, tarehe ya kuwekwa na tarehe ya kutolewa ina thamani kuliko maelezo marefu ya mdomo, kwani atakayempokea siku ya dharura huenda hajawahi kumwona. Na daktari wa usingizi asiyejua kwamba kuna stenti kwenye trakea anaweza kuisukuma chini kwa mpira wa kupumulia. Hili lina uzito wa pekee kwetu, ambako wagonjwa wengi husafiri hadi India au Afrika Kusini kwa matibabu ya namna hii kisha hurudi nyumbani, na stenti iliyowekwa umbali wa maelfu ya kilomita huachwa kutolewa na hospitali nyingine, au isitolewe. Kabla ya kupanda ndege ni haki ya mgonjwa kuuliza nani ataitoa, wapi, na lini, na kuomba picha zake kwenye diski. Wakati stenti iko ndani, maji ya chumvi ya kuvuta kwa nebulaiza, mara nyingi asubuhi na jioni, husaidia ute usigande. Sauti ikibadilika ghafla, pumzi ikianza kulia, damu ikionekana kwenye makohozi au kikohozi kikishindwa kutoa ute, asingoje tarehe iliyoandikwa.

Watafiti wamejaribu kuliondoa tatizo zima kwa stenti inayoyeyuka yenyewe, iliyofumwa kwa polidioksanoni, ambayo ni malighafi ile ile ya nyuzi za kushonea zinazoyeyuka mwilini. Hupoteza nguvu baada ya wiki kadhaa na humalizika ndani ya miezi 3 hadi 4, na imetumiwa kwa baadhi ya watoto na kwa waliopandikizwa mapafu. Haihitaji kung'olewa, lakini vipande vyake huweza kukatika na kuziba njia vinapoyeyuka, na njia isiyokuwa tayari siku stenti inapoisha nguvu hufunga tena bila kumwuliza mtu, hivyo nyingine huwekwa juu yake. Kwa mgonjwa ambaye njia yake hufunga kila stenti inapotolewa, kubadilisha stenti baada ya stenti huwa na mwisho wake. Anapaswa kuonwa na mpasuaji wa trakea mapema, wakati sehemu iliyoharibika bado ni fupi, kwa sababu kwa mtu mzima kinachoweza kukatwa na ncha zikaungwa ni karibu nusu ya urefu wa trakea, na kila stenti inayoota nyama kwenye ncha zake hula sehemu ya nusu hiyo.